Majina Mawili kwa Mwenye Mbwa

Bonna, siku ya sita ya Aprili

Dada yangu Gamaleda,

Samaki wako wa chumvi wamefika. Nusu yao Baba aliwala akiwa amesimama mlangoni na koti lake la vumbi, kabla Mama hajarudi kutoka bustanini, kisha akasema barua yako inasema walikuwa wachache. Mama akamjibu kwamba barua hajaisoma, na hata angepewa asingeweza. Basi nyumbani wote wazima.

Kazi ni nyingi. Kila aliyeomba kitu wakati wa baridi akakipata, sasa anataka jiwe lake la kumshukuru mungu. Mimi nachora herufi kwa rangi nyekundu, Baba anafuata mistari kwa patasi. Unajua hajui hata herufi moja, ila mkono wake haukosei. Juzi nilichukua jiwe lenye ufa nikachora, FRIATTO ANAKOROMA, na yeye, Friatto mwenyewe, akalichonga lote kwa unadhifu, akapuliza vumbi, akaniuliza ni la nani. Mama alicheka hadi akakaa chini. Tukamwambia. Hakusema nami hadi jioni, lakini jiwe amelihifadhi.

Akina Mama Watatu, miungu wetu wa huku, bado wanapendwa kuliko wote. Wale wawili wa pembeni, wenye kofia kubwa za wake za watu, Baba anawachonga bila kuangalia popote. Yule wa katikati, msichana wa nywele wazi, bado ananikalisha mimi kwenye kiti. Dalali wa mawe wa mji wa Agripina ameniambia kwamba uso wangu umeketi kwenye mahekalu saba, watu wanauwekea pea na mikate. Nimefikiri sana juu ya hilo. Wanauomba uso wangu mambo, na mimi nina jambo moja tu la kuomba, na ninakuomba wewe.

Ni miezi sita tangu chombo cha shemeji Haldavo kipotee, na Ulfeno wangu ndani yake. Mama anataka nimkubali yule seremala wa kambini. Ni mtu mwema, anapiga chafya kabla ya kila sentensi. Nimemwambia Mama sitavaa kofia ya mke hadi nijue. Huko kwenu mawimbi yanaleta vitu ufukweni. Haujaonekana hata ubao mmoja? Hata kasia? Niandikie ukweli, Dada. Ninaweza kuubeba.

Mdogo wako,
Fridia


Ganuenta, siku ya ishirini ya Aprili

Fridia mdogo wangu,

Hapana. Hakuna ubao, hakuna kasia. Nimetembea ufuko huu kuliko mbwa wa mtu yeyote.

Sasa nisikilize, mimi dada yako mkubwa niliyekufundisha kupiga mluzi. Mkubali seremala. Chafya si ugonjwa. Ulfeno alikuwa kijana wa kuchekesha na mwenye mikono mizuri, lakini mikono mizuri imejaa kote mtoni. Katika umri wako nilikuwa na kofia kichwani na mimba iliyonitoka. Usikae kwenye kile kiti cha Baba hadi uwe jiwe kweli.

Mimi naendelea. Paa limeezekwa upya, nimepata ng'ombe wawili, majirani wananisaidia. Anayenisumbua ni Bi Lella. Unamkumbuka yule mjane aliyetuletea asali kwenye harusi yangu? Shehena yote ya chombo kile ilikuwa yake, mvinyo na vyungu vya mchuzi wa samaki, kila alichoachiwa na marehemu mumewe. Sasa anafungua chaza kwa ajira, vidole amevifunga matambara. Na kila jioni anakuja kwangu na bakuli la supu. Anakaa, ananishika mkono, anamlilia mume wangu. Hataji mvinyo wake hata mara moja. Anasema, "Mimi nimepoteza vyungu tu, mwanangu. Wewe umepoteza mtu."

Supu yenyewe siwezi kuimeza. Nasubiri aondoke, nawapa nguruwe.

Msalimie Baba. Mwambie samaki walikuwa ishirini na nane.

Dada yako,
Gamaleda


Bonna, siku ya kumi na mbili ya Mei

Dada,

Kaa chini kwanza. Kama umesimama, kaa.

Wako hai. Haldavo yuko hai. Ulfeno yuko hai. Nimeyaandika maneno haya mara nne kwenye kibao kibovu ili nione kama mkono wangu utakataa, na haukukataa.

Jana mtu wa dalali alitoka Agripina na kazi tatu ambazo karakana ya huko imeshindwa kuzimaliza, mchongaji wao ameumia jicho. Mbili ni za Akina Mama. Ya tatu ni ya mungu wa kike wa huko kwenu, Nehalennia, Mwenye Mbwa, na kikapu cha matofaa, kama wanavyomtaka wafanyabiashara wote. Nikafungua maandishi ili nipime mistari. Nakunakilia kama yalivyo:

"Kwa mungu Nehalennia. Haldavo mwana wa Vannio na Ulfeno mwana wa Allo, kwa shehena iliyohifadhiwa salama, wameondoa nadhiri yao kwa furaha, kama anavyostahili."

Nilikuwa nimesimama. Nilikaa juu ya kichwa cha mbwa wa jiwe jingine ambaye Baba alikuwa hajamaliza kumchonga. Nilisikia nyundo ya Baba uani, nikahesabu mapigo, nikafika mia na kitu. Nilikuwa baridi kuanzia magotini kushuka chini. Nilidhani furaha inakuja na joto.

Hakuna aondoaye nadhiri kabla ya kupewa alichoomba, Dada, wala maiti haagizi jiwe. Dhoruba iliwatupa mahali, wakaweka nadhiri, akawasikia. Na angalia, shehena imehifadhiwa. Mvinyo wa Bi Lella upo. Kimbia umwambie afungue matambara yake vidoleni. Nakuonea wivu kwamba ni wewe utakayeuona uso wake.

Yapo mambo mawili sikuyaelewa. Pembeni mwagizaji ameandika kwamba majina yasibadilishwe hata kidogo, kwa kuwa ndiyo aliyoyasikia mungu siku ile, na akisoma mengine hatajua ni nani waliomlipa. Hilo ni la kawaida, kila mtu anaogopa hivyo. Lakini anataka pia jiwe lisimamishwe nyuma ya nyumba ya mungu, hekalu la huko kwenu, kwenye majani, maandishi yakitazama ukuta. Nimefikiri usiku kucha, nikaona labda ni unyenyekevu. Shemeji hakuwa mtu wa unyenyekevu, lakini bahari humbadilisha mtu.

Mama na Baba sijawaambia. Wewe ndiwe mke, haki ya kulisikia kwanza ni yako. Nijibu haraka, maana nimelifungia kifuani na sijui litakaa humo muda gani. Nimemcheka seremala leo asubuhi bila sababu. Maskini akapiga chafya.

Fridia


Ganuenta, siku ya ishirini na nne ya Mei

Fridia,

Usimwambie mtu. Si Mama, si Baba, si dalali. Bi Lella hajasikia kitu na hatasikia. Usichore herufi hata moja juu ya jiwe lile hadi nikuandikie tena.

Tangu utotoni unafikiri kuliko inavyokufaa. Safari hii nakuomba usifikiri.

Choma hii.

G.


Bonna, siku ya nne ya Juni

Dada,

Sikuichoma. Nimeisoma hadi nimeikariri, na haichukui muda kukariri.

Nilitafuta mahali uliposhtuka. Nilidhani nimeruka mstari. Mwanamke anaambiwa kwamba mume wake aliyekufa anapumua, naye anajibu kuhusu herufi. Hukuuliza kama nina hakika. Hukuuliza yuko wapi.

Baba amemaliza umbo la Mwenye Mbwa. Ameketi na mbwa wake pembeni anayemtazama juu, kikapu mapajani, mguu mmoja juu ya omo, pua ya chombo. Macho yake, Baba ameyafungua sana, yanaangalia mbele moja kwa moja. Pale chini pa maandishi ni patupu. Kila asubuhi Baba ananiuliza kama rangi imekauka kwenye kopo. Namwambia kichwa kinauma. Kinauma kweli.

Ulijua tangu lini?

Fridia


Ganuenta, siku ya kumi na sita ya Juni

Mdogo wangu,

Tangu Novemba.

Sasa utasoma yote, na ukimaliza utanichukia, kisha utanisaidia, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyo.

Chombo hakikuzama. Hakukuwa na dhoruba ya kuzamisha hata beseni. Walivuka hadi ng'ambo, Britania, wakauza kila kitu cha Bi Lella kama chao. Chombo nacho wakauza. Walinzi wa bandari ya huko walipanda kukagua, na wale wawili wamelala tumbo chini kati ya vyungu, wakamwahidi Mwenye Mbwa jiwe kama shehena haitatambuliwa. Haikutambuliwa. Hiyo ndiyo "iliyohifadhiwa salama" uliyoisoma.

Haldavo alikuja mara moja tu, kwa mashua ya watu wengine, akasimama nyuma ya majiko yangu ya chumvi na kofia imemfunika hadi kwenye nyusi. Nilimpiga kofi kwanza, nikidhani ni mzuka. Aliniambia kwamba hawezi kurudi kamwe, na kwamba nikinyamaza nitapata fungu langu, nikisema watamtundika. Nilimuuliza ananiacha niwe nani. Akasema, "Mjane. Wajane wanaheshimiwa." Alisema kama mtu anayenipa zawadi. Nililichukua fungu, Fridia. Hilo ndilo paa. Hao ndio ng'ombe. Tangu hapo hunitumia neno tu, kwa baharia anayemwamini.

Na Ulfeno. Uliniomba ukweli ukasema unaweza kuubeba, basi huu hapa. Wazo lilikuwa lake. Shemeji yako hana akili ya kuuza chombo kizima. Ulfeno anaishi huko na binti wa mfinyanzi, anaitwa jina jingine, na mwezi Machi wamepata mtoto. Hesabu miezi mwenyewe, sitakuhesabia. Nilimuuliza Haldavo kama kijana ameleta neno lolote kwako. Alisema Ulfeno anaona ni afadhali umlilie kuliko umtukane. Mimi pia niliona hivyo. Nilitaka ubaki na marehemu mzuri. Marehemu mzuri unamzika, unamkubali seremala, maisha yanaendelea. Kosa langu ni hilo tu kwako. Kwa Bi Lella ni kosa jingine, nalijua, hujaniona ninavyoangalia lile bakuli.

Wale wapumbavu wawili hawaogopi walinzi, hawakuniogopa mimi, ila wanamwogopa yeye. Haldavo ana jipu shingoni tangu majira ya kuchipua, anaamini ni mungu anadai. Kwa hiyo wakaenda kuagiza kwa dalali mkubwa wa Agripina, ambako hawajulikani. Hawakujua kazi ingetumwa kwa Baba. Na Haldavo hajui kwamba anayechora herufi za Baba ni wewe. Haldavo siku zote alidhani zile barua ninazopata kutoka kwako unaandikiwa na karani.

Sasa sikia. Baba anachonga unachochora. Chora majina mengine. Yoyote, ya watu wasiokuwepo. Lisimame kwenye majani nyuma ya nyumba, hakuna atakayejua. Hata ukuta una siku yake ya kuanguka, na hapa kila baharia anayepita anasoma mawe yote, ndiyo starehe yao. Siku majina yale yakisomwa Ganuenta, mimi ndiye nitakayekuwa karibu. Wao wako ng'ambo.

Utaniambia kuhusu mungu. Mungu alilinda mizigo ya wezi na hakuuliza ni ya nani. Hawezi kulalamika kuhusu majina.

Dada yako, na bado ni dada yako,
Gamaleda


Bonna, siku ya pili ya Julai

Dada,

Barua yako ilifika nikiwa naosha kabichi. Niliisoma, nikarudi nikamaliza kabichi, jani moja moja, na Mama akanisifu kwamba siku hizi nina utulivu. Siku tatu nimekuwa hivyo. Nakula, najibu, nachanganya rangi. Nikipita karibu na lile jiwe la Akina Mama lililo uani nauona uso wangu umeketi katikati, umetulia, na sijui ni wa nani. Watu wameuomba uso ule ukiwa unamlilia mtu anayebembeleza mtoto.

Sikukuchukia. Ulikosea hapo. Nilingoja chuki kama mtu anayengoja homa na haikuja. Nimeshtuka tu, na mshtuko hauondoki, unakaa nami mezani.

Nimelifikiria ombi lako. Sitasema sikulifikiria. Jana nilichora jina la uongo, zuri kabisa, herufi zimelingana. Nilimwita Baba. Alishika patasi, akapiga goti, na nikamwona ananyoosha kitambaa chini ya goti kama afanyavyo siku zote, mzee anayejiandaa kuniamini. Nikamwambia asubiri, nimekosea. Nikafuta kwa siki.

Unasema mungu hakuuliza mizigo ni ya nani. Nimekuwa nikimwangalia kwa wiki saba, Dada, nimemwangalia kuliko nilivyowahi kumwangalia mtu. Sijui aliwasikiaje. Labda anamsikia kila anayelala tumbo chini na kuogopa, mwizi na asiye mwizi, kama mama anavyoamka mtoto yeyote akilia. Hilo linanitisha kuliko kama angekuwa mkatili. Lakini hawa wawili waliwadanganya watu wote waliowapenda, na walipofika kwake waliandika majina yao na ya baba zao. Ni mahali pamoja tu duniani waliposema kweli. Unaniambia nipafute. Nikipafuta nitakuwa nimewadanganya watu kuliko wao.

Leo asubuhi nimechora kama yalivyoagizwa. Baba amechonga. Alipofika kwenye jina la Ulfeno nilisimama nyuma yake nikaangalia kila pigo. Alikuwa anaimba wimbo wake wa kipuuzi kuhusu bata wa jemadari. Kijana yule alikula mezani kwake majira mawili ya baridi, na Baba alimpenda, na sasa alikuwa analikata jina lake na hajui ni jina. Alipomaliza alipuliza vumbi akasema, "Leo mkono wako umetulia, mwanangu." Nikamwambia ndiyo, Baba.

Bado sijamwambia. Nitamwambia leo, yeye na Mama, wakimaliza kula. Nimeona ni haki wewe ulijue hili kabla yao.

Jiwe limepakiwa. Agizo la kulisimamisha nyuma, maandishi yakitazama ukuta, nimelifuta. Barua ya mabaharia niliiandika mimi, na nimeandika kwamba likae mlangoni mwa hekalu, upande wa njia, watu wanapovulia viatu. Kama ni kosa, ni langu na si la Baba. Nimemwambia Mwenye Mbwa hivyo kwa sauti, hakuna aliyekuwepo isipokuwa sisi wawili na mbwa.

Chombo cha mawe kinateremka polepole, kinasimama kila kituo, nahodha anasema siku saba hadi huko kwenu. Barua hii nimempa mpanda farasi wa kambini, rafiki wa seremala. Yeye atafika siku ya nne.

Kwa hiyo unaisoma, na jiwe bado liko mtoni. Mashua za kwenda ng'ambo zipo, nazijua, na fungu lako lazima limebaki kiasi. Ukichagua hilo sitakufuata kwa barua wala kwa laana, na kwa Mama nitasema ulikuwa na hofu, ambayo ni kweli.

Lakini jioni hii Bi Lella atakuja na bakuli lake, amekwisha kufungua chaza kutwa nzima. Atakaa, atakushika mkono. Mwambie kabla ya jiwe. Mwambie kwa mdomo wako, uso wake ukiwa mbele yako, na ng'ombe wawili wakiwa wamefungwa kamba tayari kwenda kwake. Sijui atafanya nini. Huenda akaita watu. Lakini atakuwa amesikia kutoka kwa mtu, si kwa mabaharia wanaosoma kwa sauti mlangoni huku wakicheka.

Una siku tatu, Dada. Ya kwanza imeshaanza.

Fridia